Makaburi ya Ukingoni Yana Wenyewe

Evalina Geddis hakuwa mtu wa kupatana bei. Kibanda changu kilikuwa cha pili kutoka chake, kando ya barabara kuu ya kumi na saba, na kwa miaka ishirini na miwili sikumwona akipunguza hata senti tano. Mtalii angeshuka garini, ashike kikapu, akigeuzegeuze, kisha agune: "Lakini mama, hizi si nyasi tu?" Evalina angemjibu bila kuinua macho: "Ni nyasi tu, baba. Ziko tele bwawani pale. Shuka ukachume, mimi nitakuazima kijiko." Maana sisi hutoboa mshono kwa mpini wa kijiko ulionolewa. Wengine walicheka wakanunua. Wengine walinuna wakaja kwangu, nikawapunguzia kidogo, nikauza. Kwa hiyo mimi binafsi sina la kumlalamikia.

Ninamwandika kwa sababu tangu tumzike, kanisani wameanza kumpamba. Eti alikuwa mpole, mnyenyekevu, mtu wa kusamehe. Nani, Evalina? Huyu alimnunia dada yake miaka sita kwa sababu ya sufuria ya wali mwekundu iliyorudishwa bila kuoshwa. Nitasema nilichokiona, basi.

Alizaliwa mwaka 1922, bara, mkabala na kisiwa walikotoka wazee wetu. Alipika katika hoteli ya wazungu miaka kumi na saba, akaacha siku meneja alipomwambia atabasamu anapoweka sahani mezani. Alivua aproni akaikunja vizuri, akaiweka juu ya sahani ya mtu, kwenye mchuzi, akatoka. Kesho yake alisimamisha vijiti vinne kando ya barabara, akatundika vikapu. Kushona vikapu alifundishwa na mama yake, Lucretia. Lucretia alifundishwa na mama yake, Rinah. Rinah alifundishwa na mama yake, Binah, aliyezaliwa mtumwa kisiwani. Hivyo ndivyo sisi tunavyotaja koo zetu: nani alimfundisha nani kushona. Mtoto wa miaka sita anaweza kukutajia washonaji wanne wa nyuma yake bila kukosea.

Sasa, kisiwa. Mpaka nilipokuwa msichana, watu wetu walikuwa wakiishi kule. Kisha kodi ya ardhi ikapanda, mmoja akauza, wa pili akauza, na mwisho wakabaki waliozikwa tu, Ukingoni, mahali mto mdogo unapokutana na bwawa la chumvi. Kampuni ya gofu ikajenga lango na kibanda cha mlinzi. Tukawa tunaomba ruhusa kwenda kufyeka makaburi, halafu tukachoka kuomba. Hilo ni kosa letu na ninalikiri.

Mwaka 1993, mwezi wa Machi, likatoka tangazo gazetini, maandishi madogo kama ya matangazo ya mbwa waliopotea. Kampuni inaliomba baraza la wilaya ruhusa ya kuhamisha makaburi yaliyotelekezwa, yasiyo na wenyewe. Mwenye pingamizi aje ndani ya siku sitini na uthibitisho kwamba ni mzao wa mtu aliyezikwa pale. Nilimsomea Evalina. Akasimamisha kijiko.

"Yasiyo na nani?"

"Wenyewe."

"Rudia."

Nikarudia. Akashona mizunguko miwili mizima kabla ya kusema tena. "Odessa, kesho nifungulie kibanda. Mimi naenda mjini."

Wakili wa kampuni alikuwa mtu mrefu, Prescott Lyle, mwenye adabu ya kununua kwa bei ya jumla. Alimkaribisha Evalina kiti, akampa chai ya barafu. Evalina alimweleza: mimi ni binti wa Lucretia, binti wa Rinah, binti wa Binah Wigfall wa kisiwani. Bibi Binah ndiye mzee wetu wa kwanza, na wazee wetu wamelala Ukingoni. Lyle akaandika kila kitu, akamshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni. Wiki mbili baadaye ikaja barua, na ndani yake picha: jiwe la kaburi katika uwanja wa kanisa letu wenyewe, huku bara, nyuma ya tangi la maji, limeota kuvu. Juu yake limechongwa jina la Binah Wigfall, alifariki 1926. Barua ilisema kwa upole kwamba kampuni inafurahi kumsaidia Bi Geddis kumpata bibi yake.

Jiwe lile tulikuwa tukilipita kila Jumapili. Hakuna aliyewahi kuinama kulisoma.

Pamoja na barua kulikuwa na nakala ya ripoti ya mpima ardhi wao. Mawe mawili tu, maandishi yamefutika. Sehemu iliyobaki, alisema, ni jalala la zamani: vyombo vilivyovunjika, chupa za dawa, makombe ya baharini. Na picha tisa za jalala hilo.

"Jalala," Evalina akasema. "Huyu mtoto ana mama kweli?"

Yeyote wa kwetu anajua. Mtu akifa, kile alichotumia mwisho unakiweka juu ya kaburi lake, kikombe, taa, chupa ya dawa, na unakivunja ili kifo kikatike hapo kisirudi nyumbani kuchukua mwingine. Hatukuwa na pesa za mawe. Tulikuwa na vikombe. Lakini ukilieleza baraza kwamba kikombe kilichovunjika ni jiwe la kaburi, watakuuliza: la nani? Na sisi tungejibu nini? Hoja ya Binah ilikuwa imekwisha, na zilibaki siku thelathini na nane.

Alhamisi yake Evalina alikuja kibandani na ule ungo. Ulikuwa ungo wa kupepetea mpunga, mpana kama meza ya watu wawili, umekuwa ukining'inia sebuleni kwake tangu mama yake afe. Mimi nilikuwa nimeutolea jicho miaka kumi. Kila Krismasi nilimtajia bei na kila Krismasi alinitajia mlango.

"Huu ni wa Bibi Binah," akasema. "Aliushona kisiwani. Nitawapelekea barazani wauone."

"Utathibitisha nini? Kwamba mlikuwa mnakula wali?"

"Odessa, usinichokoze leo."

Nikaomba niushike. Kusema kweli nilitaka nijue kama bei yangu ilikuwa sahihi. Nikaugeuza, nikapitisha kidole gumba chini, katikati, pale mshono unapoanzia. Nikaukandamiza ukingoni, haukulegea hata kidogo. Nikarudia mara ya pili kabla ya kufungua mdomo, maana nilijua nitakachosema kitaleta ugomvi.

"Evalina, huu haukushonwa na mwanamke."

"Nini?"

"Huyu ni mwanaume."

"Unanitukania bibi yangu mbele ya barabara?"

"Simtukani mtu. Angalia mwenyewe. Hii si nyasi laini ya kwetu. Haya ni majani magumu ya bwawani, na yamefungwa kwa ukanda wa mti wa mwaloni. Umewahi kumwona mama yako akishika haya majani?"

"Yanakata mikono."

"Haya. Bibi Rinah?"

Akajibu kwa shingo upande: "Bibi alisema hizo ni kazi za wazee wanaume. Wale wasioweza tena kwenda shambani. Wanawake walipepeta tu."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi aliyeushona huu hakuwa Binah. Binah alikuwa anaupepetea. Binah alikuwa na mume?"

Evalina alianza kuhesabu kwa vidole: Lucretia, Rinah, Binah. Akaanza tena. Wanawake watupu. Katika ukoo wa washonaji, mwanaume hakutajwa kwa sababu hakumfundisha mtu kushona, akaanguka katika simulizi kama kapi kwenye ungo. Watu wetu wote wanaweza kukutajia bibi wa nne, na hakuna hata mmoja anayejua jina la babu yake wa nne. Tulikuwa tumemtafuta mtu asiye sahihi kwa sababu tulikuwa tunajivunia mtu sahihi.

"Alikuwa na mume bwana," Evalina akasema mwisho. "Watoto hawaoti bwawani."

"Uliwahi kusikia lolote? Alifia wapi, alifanya kazi gani?"

"Hakuna. Bibi Rinah alikuwa akisimulia tu mama yake. Jinsi alivyokuwa akivaa kofia yake nyeusi na kwenda mjini kila baada ya miezi mitatu. Kuuza vikapu."

Hapo mimi nikacheka, na naomba radhi kwa kucheka.

"Kofia nyeusi? Kila miezi mitatu? Evalina, wewe na mimi ni wauza vikapu. Nani anakwenda kuuza mara nne kwa mwaka, tena kavaa nguo za msiba?"

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyelitamka, mimi sikumtangulia: "Mjane. Alikuwa anachukua pensheni ya mjane."

Na kwa watu weusi wa zama zile, pensheni ya mjane ilitoka mahali pamoja tu: mume alikuwa askari katika jeshi la Kaskazini, kwenye vita vilivyokomesha utumwa. Mafaili ya askari wale yamehifadhiwa Washington. Evalina alikuwa na mpwa kule, Delphine, nesi. Alimpigia simu hapo hapo kutoka kituo cha mafuta, sauti imejaa barabara nzima.

"Delphine! Siku yako ya mapumziko ni lini? ... Ahirisha. ... Nimesema ahirisha, nywele zitaota tena. Nenda pale wanapoweka karatasi za serikali, mtafute Wigfall, askari, mke wake Binah. ... Jina la kwanza silijui. Ndilo ninalotaka uniambie, mtoto wewe!"

Ilimchukua Delphine siku tatu za mapumziko, maana siku mbili za kwanza alitafuta katika wilaya isiyo yetu. Bahasha ikafika tarehe kumi na tisa Aprili, nene kama Biblia ya mfukoni. Kurasa sitini na moja. Evalina alizilaza juu ya meza yangu kwa sababu yake ilikuwa imejaa vikapu, nasi tukasoma pamoja, na siku hiyo hatukuuza kitu.

Aliitwa Bristol Wigfall. Alijiunga na jeshi mwaka 1863, akapigana, akarudi na kifua kibovu. Hakuweza kulima, jirani mmoja alishuhudia, akawa anakaa chini na kushona nyungo za mpunga. Evalina aliposoma hapo alinitupia jicho, akasema, "Usianze." Sikuanza.

Binah aliomba pensheni mwaka 1892. Serikali ikamtuma mkaguzi aje amhoji, na maneno yake yaliandikwa. Mkaguzi alimuuliza kama alifunga ndoa kwa cheti. Akajibu: "Cheti angetupa nani? Bwana wetu? Mimi nilimchukua Bristol na Bristol akanichukua mimi, na kisiwa kizima kilikula harusini. Waulize waliokula." Akamuuliza kama tangu mume afe amewahi kuishi na mwanaume mwingine. Akajibu: "Ningekuwa naye, yeye ndiye angekuwa anakata kuni zile unazoziona, wala si mimi."

"Sasa najua ulikoupata mdomo huo," nikamwambia Evalina.

"Nyamaza, fungua ukurasa."

Ukurasa wa arobaini na nne alizungumza jirani yao, Cupid Gadsden. Mkaguzi alitaka hakika kwamba Bristol amekufa kweli. Cupid akasema: "Bwana, mimi mwenyewe nilimchimbia kaburi Ukingoni, upande wa machweo wa mwerezi mkubwa. Niliweka juu yake jagi lake la bluu na taa yake ya mafuta, nikavivunja kwa mkono wangu. Kama hajafa, basi amenikasirikia sana." Na mwisho wa faili, katika orodha ya watoto wa marehemu: Rinah, umri miaka kumi na tano.

Evalina aliinuka. Akaenda kibandani kwake, akatoa ile ripoti ya mpima ardhi chini ya kasha la nyasi, akarudi akifunua picha moja moja. Ya sita alinisukumia mbele. Kisiki cha mti. Mbele yake, nusu imezama mchangani, vipande vya jagi la bluu.

Barazani tulifika saa mbili asubuhi, Mei tarehe nne. Walituweka hadi saa sita. Lyle alizungumza vizuri, lazima nimpe haki yake. Alisema kampuni inawaheshimu wafu kuliko mtu yeyote, ndiyo maana inataka kuwapeleka mahali pa kutunzwa. Alisema Bi Geddis ni mama wa kuheshimiwa ambaye kwa bahati mbaya bibi yake amezikwa kwingine. Kisha Evalina akaitwa. Alivaa gauni la kijani la Pasaka na hakuchukua ungo.

"Nina maswali kwa yule bwana mpima," akasema.

Mwenyekiti akamwambia kwamba kwa kawaida baraza ndilo huuliza.

"Basi muulizeni ninyi, mimi nitawaambia la kumuuliza."

Watu wakacheka, mwenyekiti akapunga mkono. Kijana mpima akasimama.

"Baba, picha ya sita umepiga mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ulisimama wapi?"

"Magharibi mwa kisiki."

"Kisiki cha mti gani?"

"Mwerezi, mama."

"Na hicho cha bluu?"

"Jagi. Na kando yake vipande vya taa, nadhani."

"Asante. Kaa, mwanangu. Umempata mzee wangu kabla yangu."

Ndipo akasoma ukurasa wa arobaini na nne, kisha jina la Rinah katika orodha ya watoto, polepole, kwa sauti ile ile anayotumia kumtajia mtalii bei. Lyle akaomba kuona karatasi. Akaisoma yote, akaisoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Kisha akajaribu: hili, waheshimiwa, ni kaburi moja tu, mengine hayajathibitishwa.

"Unasema majirani zake hawajathibitishwa," Evalina akamwambia, "kwa hiyo unataka kumhamisha hata Bristol ili asibaki peke yake, au unataka kuwahamisha wengine wote umwache yeye katikati ya uwanja wako? Chagua, nikusikie."

Baraza likapiga kura: watano kwa wawili, makaburi yasiguswe.

Watu wa kanisani husimulia mpaka hapo, halafu huimba. Lakini mimi ni mfanyabiashara, najua kwamba kukubaliwa si kupewa. Makaburi yalibaki, lango nalo lilibaki. Baada ya wiki moja Lyle akaja barabarani kwetu, akaegesha gari kwenye kivuli, akanunua kikapu cha mkate kwa Evalina kwa bei kamili. Kisha akatoa pendekezo. Siku mbili kila mwezi. Kila mwanaukoo atapewa kibali cha kubandika kwenye kioo cha gari. Na kampuni iko tayari kuununua ule ungo, kuuweka ukumbini katika jumba la klabu, na kibao cha shaba.

"Kibali," Evalina akasema.

"Kikaratasi tu, Bi Evalina. Cha mlinzi."

"Bristol alipokuwa mtumwa alihitaji karatasi ya bwana wake ili atembee barabarani. Akaenda vitani. Wewe unaniletea ile ile, ila yako ina gundi."

"Sivyo nilivyokusudia."

"Sijakuuliza ulichokusudia. Ungo hauuzwi. Muulize huyu, anajua."

Lyle akanitazama. Nikamwambia kweli, nimejaribu.

Jumapili iliyofuata kampuni ilikuwa na mashindano makubwa ya gofu. Evalina alijua, tarehe ilikuwa imebandikwa kwenye kila nguzo. Tulikwenda magari kumi na moja, watu arobaini na watatu, majembe na mafagio madirishani, tukapanga mstari kwenye lango kuu nyuma ya magari ya wachezaji. Hatukupiga kelele. Mlinzi akatoka na daftari lake, kijana wa kwetu, mtoto wa shemasi, jasho linamtoka.

"Shikamoo, Bi Evalina. Naomba ... naomba kuandika mnamtembelea nani."

"Bristol Wigfall."

"Anakaa nyumba namba ngapi?"

"Alihamia kabla ya namba."

Nyuma yetu honi zikaanza. Gari la Evalina lilikuwa katikati ya njia, naye akazima injini, akachukua kikapu chake ambacho hakijaisha, akaendelea kushona. Kijana alipiga simu mara nne. Mara ya nne akainua kizuizi mwenyewe, bila kungoja jibu, na hakuandika kitu. Tulifyeka mpaka saa nane. Wachezaji waliokuwa shimo la kumi na nne walitusikia tukiimba, na nimeambiwa mmoja alikosa mpira uliokuwa hatua moja kutoka shimoni.

Jumatano Lyle akarudi. Safari hii hakununua kikapu. Alikuwa na ramani na karatasi ya kutiwa sahihi. Kampuni itaifungua ile njia ya zamani ya upande wa bwawa, ile ya magari ya punda, itaitilia changarawe, bila lango wala mlinzi, siku zote. Evalina akaivaa miwani yake akasoma. Akauliza changarawe itakuwa nene kiasi gani. Lyle akataja. Akataka zaidi. Lyle akakubali. Akauliza nani atatengeneza mvua zikiibomoa. Kampuni. Akataka iandikwe. Lyle akaandika pembeni kwa kalamu.

Kisha akafika mstari wa mwisho, uliosema kwamba njia hii inatolewa kwa hisani ya kampuni. Akachukua kalamu mkononi mwa Lyle, akakata maneno yale kwa mistari miwili, akamrudishia.

"Hapo nitalazimika kuuliza ofisini," Lyle akasema.

"Kaulize. Mimi niko hapa hadi saa kumi na moja."

Alirudi saa tisa, na karatasi mpya isiyo na maneno yale.